Ngazi ya Rula Iliyoishia Hewani

Uko wapi wewe? Acha unachofanya usome. Rula, mwenzangu wa chumba, kapatikana leo mbele ya mwalimu wa usanifu.

Unalijua darasa letu: aliyechelewa kumaliza modeli ya jengo lake, wote tunamvamia na gundi. Basi leo asubuhi zamu ya Rula: mwenzetu mmoja kamkatia kuta, Bi Kadibodi, dada mkubwa wa darasa, kamkatia ngazi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anatumia skeli gani, yaani kapunguza vipimo mara ngapi. Ngazi ikatoka nusu ya kimo cha ukuta.

Nusu, nakwambia. Na Rula kaja kuiona wakati mwalimu ameshaiinamia modeli.

"Ngazi inaishia hewani," mwalimu akasema. "Wakazi wataruka?"

Tukafa kwa kicheko, isipokuwa Bi Kadibodi. Yeye kasimama nyuma anatabasamu kama mama wa bi harusi, hajaelewa kitu. Rula akamtazama, akaitazama ngazi. Kumtaja hawezi, kunyamaza hawezi.

"Nimekosea mimi kupima, mwalimu."

Eti mimi. Mtu hata mkasi hakushika.

"Basi rudia modeli yote, uilete Jumatatu. Ukikosea tena, unarudia mwaka."

Mwaka, umesikia?

Sasa yuko hapa chumbani, kafunga mlango kwa ufunguo, anataka kuikata modeli yake mwenyewe walau mara moja maishani. Mlango unagongwa. Bi Kadibodi huyo, gundi mkononi, na nusu ya darasa nyuma yake.

"Fungua, mdogo wangu. Tukuache peke yako, sisi ni watu gani?"

Kafungua. Angefanyaje?