Mlango Utakaofungwa

Jumanne, Roseville

Bado namsikia Mama: "Mwili haupelekwi Kenya. Mume wangu atazikwa hapa, karibu na watoto wake. Nimemaliza." Kwenye mkutano wa mazishi ya Baba, mbele ya wanaume pekee!

Baba mdogo aliweka kikombe chini polepole. "Shemeji, tangu lini mwanamke akachagua kaburi?"

Na mimi, msomi wa familia, niliangalia zulia.

Na wiki jana tu chuoni nilijitia hodari kuhusu zile tamthilia za kale za Kigiriki. Mwanamke anawakaidi wanaume, anaingizwa ndani, mlango unafungwa. Nje wanabaki waimbaji, lile kundi linalotazama yote na kuyasimulia, wanalia bila kusogea. Niliandika kwamba hao waimbaji ni waoga. Nikapewa A.

Baba mdogo amepiga simu sasa hivi. Kesho anakuja na wazee wawili. Wataongea na Mama peke yake chumbani, mlango ukiwa umefungwa, mpaka "akili imrudie." Mama amesema sawa, kwa sauti ambayo siijui.

Mimi nimeambiwa nichemshe chai, nisubiri jikoni.

Nimeshapanga vikombe.