Nafasi ya Ndama

Gaborone

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au bado unaamka na umande kwenda kukamua? Mimi mwili ni mzima, ila roho inachemka, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Likizo yangu imefutwa. Ndiyo, ile ya kuja Butiama kupokea ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu Wakuru. Bosi anasema kazi ya mvua imechelewa, na mchelewaji ni mimi.

Mimi! Programu yetu inasoma vipimo vya mvua vya kila siku na kuvipanga katika orodha moja ndefu, tunaiita vekta. Aliiandika yeye. Inaanza na vekta tupu, kisha kila mzunguko inaongeza namba moja. Nafasi haitoshi, kwa hiyo kompyuta inatafuta sehemu kubwa kidogo na kuhamishia namba zote huko. Ikija nyingine, inahama tena. Ni kama mtu ajenge zizi la ng'ombe mmoja, akija wa pili abomoe ajenge la wawili. Tulikuwa tunaiwasha asubuhi, inamaliza jioni.

Nikakumbuka mjomba alipotaka mngoje ng'ombe wafike ndipo mjenge, ukamkaripia: "Sisi zizi tunajengaga kwanza bwana, ng'ombe wanakuta nafasi yao iko!" Nikatengeneza vekta ya urefu wote kabla ya mzunguko kuanza, kila namba ikaenda kukaa mahali pake. Chai yangu haijapoa, kazi imeisha. Bosi akasimama mbele ya wakubwa akasema, "Tumeboresha." Ameboresha na nani?

Hapo nami nikakosea, sikufichi. Wewe huacha nafasi ya ndama watakaozaliwa, na mimi bila kufikiri nikaacha nafasi za ziada. Kumbe vekta ile ilikuwa imejaa sifuri tangu mwanzo, na nafasi zisizopata namba zikabaki na sifuri zao. Ripoti ikazisoma kama siku zisizo na mvua, tukaonekana tuna ukame. Siku hiyo hiyo "tumeboresha" ikageuka "Nyabise ameharibu". Yeye miezi yote ile programu yake ilipokuwa inajikokota hakuna aliyemuuliza. Ndiyo yale ya mkuki kwa nguruwe.

Nimesharekebisha. Nafasi sasa ni idadi ya siku tu, na siku ambayo haikupimwa inaandikwa haijapimwa, siyo sifuri. Likizo bado amenikatalia. Nimempelekea mkubwa wake programu zote mbili, ya bosi na yangu, aziendeshe mwenyewe aone. Jibu sijapata.

Msalimie Mama, na shangazi wa Bunda, najua pamba inamchosha. Wakuru mwambie asilie.

Siku ya ng'ombe, kiti changu kiwepo pembeni ya Mama, na asikikalie mtu. Kikiwa kitupu, msinihesabu kwamba sikuja. Semeni bado hajafika.

Mwanao mwenye hasira,
Nyabise