Kompyuta Msiiwashe

Mwanangu mkubwa,

Kompyuta usiiwashe, nimechomoa waya. Chakula kipo jikoni, kipashe moto mle.

Asubuhi nilifuata maelekezo yako ya kuweka hiyo Linux badala ya Windows kwenye kompyuta, hatua kwa hatua. Ikauliza kama ifute diski yote. Nilikupigia, ukacheka: "Mama nawe! Bonyeza Endelea, au tumalize mwaka ujao?" Nikabonyeza. Sikuogopa, maana ile rekodi ya sauti ya marehemu baba yenu iliyokuwa humo nilishaihamishia kwenye flashi nyeupe, nikaiweka kwenye droo.

Ilipomaliza nikafungua droo, flashi hamna. Kumbe ndiyo hiyo hiyo uliyoichukua ukaiwekea Linux, imechomekwa mbele ya macho yangu. Nimempigia fundi, anasema flashi ikishaandaliwa hivyo, vya mwanzo vinafutika. Hukuniuliza, nami sikukwambia.

Nimekwenda kumpelekea hiyo flashi. Diski atakuja kuiangalia kesho, ila tukiiwasha kompyuta hata kilichobaki humo kitafutika. Hakuniahidi kitu. Namwomba Mungu, lakini moyo umeshaniambia.

Mdogo wako akitoka shule akitaka kumsikia baba, ~~mwambie kompyuta imeharibika kidogo~~. Hapana, usimdanganye. Baba yake alifariki yeye akiwa tumboni. Hana kingine cha kumjulia. Mwambie anisubiri. Nitamweleza mwenyewe, nawe ukae karibu yangu.

Mama yenu