Kiti cha Spika Varnadoe

Jumatatu, 7 Machi 1983
Theluji imegeuka tope. Dwight Spradlin, mbunge mwenzangu, kanifuata mkahawani Bungeni, akaketi mezani kwangu bila kukaribishwa. Anataka kumwangusha Spika! Ana watu kumi na mmoja wa chama chetu, na wapinzani wote wako naye. Anachohitaji ni mimi, mnadhimu wa chama, nisimame nitoe hoja. Zawadi yangu: kiti chenyewe.

Nikamwambia hana haya. Akacheka.

"Mzee wako ametunyima daraja miaka tisa, Roz, kwa kuwa baba yangu alimpinga mara moja tu. Watoto wa kwetu wanavuka mto kwa mtumbwi kwenda shule. Nani hana haya?"

Daraja lile — ni kweli.

Jumanne, 8 Machi
Nimemwambia Spika yote. Emmett Varnadoe, mtu ambaye magavana humpigia simu kabla hawajaamua kitu — nilidhani atapasua meza. Akakohoa tu. Alichimba makaa ya mawe tangu utoto, na lile vumbi bado limo kifuani.

Kisha akauliza muswada wa hospitali umefikia wapi. Kura hazitoshi. Hospitali nne huko milimani, za wachimbaji wenye mapafu kama yake. Hana kingine anachotaka kuacha nyuma yake. Na watu wa Spradlin wanaukwamisha kwa kumkomoa yeye.

"Basi niuze," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Waambie utanitoa. Bei ni hospitali. Na asijue mtu kwamba nimekutuma. Wakijua nimetaka mwenyewe, watakataa."

"Na Lurleen?" Mkewe. Ndiye aliyenishonea gauni la kuapishwa.

"Huyo hasa asijue. Uso wake hauwezi kuficha kitu."

Jumatano, 9 Machi
Nimekubali; Spradlin naye ameikubali bei. Kiti kwanza, hospitali papo hapo baada yake. Nimepeana mkono na Spradlin. Wake una jasho. Sijala kitu.

Alhamisi, 10 Machi
Minong'ono kila korido. Lurleen kapiga simu.

"Roz, mwanangu, naambiwa mambo ya ajabu. Niambie ni uongo."

Nikasema kesho tutaonana Bungeni, mama.

"Hilo si jibu!" Akakata.

Ijumaa, 11 Machi
Nimefanya! Nilisimama, nikasoma hoja, sauti kama ya mtu mwingine. "Msaliti!" "Nyoka wee!" Spika akagonga nyundo: "Kimya! Mheshimiwa Tebbetts ana haki ya kusema. Nimemfundisha mwenyewe." Ukumbi ukacheka. Mimi nilitaka kulia.

Ameanguka kwa kura tatu. Akashuka polepole, mkono ukutani, akanipita bila kunitazama. Juu kwenye roshani ya wageni Lurleen alisimama, akapaza sauti: "Umekula mezani kwangu, Rosalind!" Basi. Akatoka.

Wakanikalisha mimi. Nikauita muswada wa hospitali. Spradlin akaomba mapumziko mafupi. Nikampa — kosa! Sasa watu wake wanavaa makoti. Nimemwita.

"Tulipeana mikono, Dwight."

"Tulipeana. Lakini zile hospitali zitamfanya mtakatifu, Roz. Watu wangu hawawezi. Hata mimi siwezi."

Wakitoka, akidi imevunjika. Na kikao cha mwaka kinafungwa leo. Muswada umekufa, na mzee hatafika mwakani — nimekisikia kile kikohozi.

Naandika hapa hapa kitini. Mpambe wa Bunge amesimama mbele yangu, ameshika funguo. Naweza kuwafungia humu mpaka wapige kura. Sheria inaruhusu. Varnadoe aliwahi kuwafungia siku mbili. Ndivyo alivyoanza kuchukiwa.

Spradlin ameshafika mlangoni. Anageuka, ananitazama.

"Mheshimiwa Spika," mpambe ananiita — mimi! — "nifunge?"