Kuku wa Mvuke wa Memsahibu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kamwene. Naomba barua hii ikukute umekaa nje unaota jua, si kitandani. Mimi mwili ni mzima ila nimechoka, na si kwa kazi peke yake.

Barua aliyoiandika mdogo wangu nimeipata. Anasema macho yako yanafifia, nawe unataka kuuona uso wangu ungali unaona. Tangu siku hiyo nalala na neno hilo, naamka nalo.

Likizo Bwana alikwisha kuniahidi. Mara memsahibu akaugua ini, daktari wa mjini akamkataza mafuta yote, na kila nilichompikia akawa anakirudisha. Ndipo nikakumbuka kuku wako wa uyoga. Mvua ilikuwa imenyesha, nikaenda nyuma ya shamba la kahawa nikachuma ule mweupe wa kwenye vichuguu. Niliula kwanza peke yangu nikangoja hadi kesho yake, maana watu wa hapa chini ya Meru hawali uyoga, na sikuwa na wa kumwuliza. Nilipoona niko hai, nikapanga vijiti ndani ya sufuria, maji chini, juu kuku na uyoga na chumvi kidogo ndani ya jani la mgomba, nikafunika vizuri mvuke usitoroke.

Memsahibu alikula akamaliza. Hapo ningenyamaza, lakini nikajisifu kwamba ni chakula cha mama yangu na hakuna mkono mwingine unaokiweza Arusha nzima. Mdomo uliponza kichwa. Nilipokumbusha habari ya likizo, Bwana akasema, "Ukienda wewe, nani atampikia?" Hasira zilinipanda, nikazimeza.

Ikabidi nimfundishe Mama Saning'o, Mwarusha anayetufulia nguo. Niliona haya kumwomba, maana kwao kuku ni ndege, na ndege haliwi.

"Yohana, mikono yangu nakupa," aliniambia. "Ila ulimi wangu usiuombe."

Sasa mtu asiyeonja atajuaje chumvi? Nikawa nampimia kiganjani mwake mwenyewe, mpaka kiganja kizoee. Mara mbili aliharibu, na mlaji nikawa mimi. Hadi leo nina kiu.

Jumapili alipika yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilipeleka sahani tu. Memsahibu alikula yote, akasema leo nimepika vizuri kuliko siku zote. Nikamwambia aliyepika ni nani. Mama, sikujua nicheke au nilie. Hapo hapo akamwita Bwana.

Ruhusa nimepata, lakini ni mpaka kahawa iishe kuvunwa, kwa sababu wakati wa mavuno wageni ni wengi. Nimebembeleza, nimeshindwa.

Nisalimie shangazi Semeni aliyenibeba mgongoni, na mjomba Lukasi mchonga mizinga, mwambie asali yake naiota. Mdogo wangu anayekusomea haya asimchinje jogoo mwekundu. Huyo tutampika mimi na wewe, uyoga nitachuma mwenyewe.

Kila asubuhi kabla sijawasha jiko napita shambani kuitazama mibuni. Kahawa bado mbichi, Mama. Yaambie macho yako yanisubiri.

Mimi mwanao,
Yohana