Dirisha la Kutazama Bukavu

Mjukuu wangu Amani,

Salamu toka Gihundwe. Bibi yako mguu umekataa kupona. Nawe unaniuliza mimi, bingwa wa darasa la nne, ulale fungate hoteli gani huko kwenye mashamba ya mizabibu mnakokwenda!

Mimi nilimchagulia bibi yako hoteli ya kifahari ya fungate yetu hapa jirani, Kamembe, dirisha likitazama kwao Bukavu. Mpaka kati ya nchi yetu na yao ulikuwa umefungwa, mama yake hakuweza kuvuka. Kwao, pombe ya ndizi ya bibi arusi huonjwa kwanza na mama yake. Nikaionja mimi, kifua mbele.

“Wacha weye! Uko mama yangu?” akalia, kwamba mimi si mama yake, akitazama paa lao ng’ambo.

Mpaka ulipofunguliwa, mama yake alikuwa ameshazikwa. Basi chagua yoyote, mjanja wewe; hoteli ya kufuta machozi yale sijaiona hadi leo.

Babu yako