Jipu Lililovuma Mbele

Keza mjukuu wangu,

Huku Masaka tuko salama. Babu yako bado anagombana na kuku wa jirani. Umeniuliza kama uache gereji kwa sababu mafundi wanakucheka. Ngoja nikuungamie kitu.

Nilipokuwa na umri wako kule Bujumbura, nilikuwa na aibu ya kusema katika lugha mbili: Kifaransa shuleni, Kiswahili nyumbani. Gari la baba, jipu kuukuu, likaanza kuvuma mbele. Fundi akasema ni tairi. Zikabadilishwa, mvumo ukabaki. Akataka kufungua difu, lile sanduku la gia kwenye ekseli, na baba, kwa kuchoka, akasema bora aliuze kama chuma chakavu. Lakini mimi kiti cha nyuma nilikuwa nimesikia: tukikata kona kushoto sauti inapanda, tukikata kulia inashuka. Nikasema kasoro iko kwenye gurudumu la mbele la kulia, maana kona ya kushoto uzito hulalia kulia.

Fundi, aliyejua naimba kwaya, akanicheka: "We binti, gari si kwaya!"

"Kwaya ndiyo iliyonifundisha kumsikia anayeharibu."

Wakapiga jeki. Nikazungusha kila gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, kiganja kingine juu ya springi yake. Ya kulia ikatetemeka. Ya kushoto ilitulia. Fundi akakataa hata kugusa. Basi nikaketi chini na sketi yangu ya shule, machozi yakinitoka.

"Sitoki hapa mpaka uweke mkono."

Akauweka. Kisha akamwambia baba, "Tafuta beringi mpya ya gurudumu hili."

Aibu haijaniisha mpaka leo, Keza. Nawe kesho nenda na yako gerejini. Atakayecheka, mshike mkono, uuweke kwenye springi.

Ni mimi bibi yako, ninayekaa bado kiti cha nyuma nikisikiliza.